Twita Zisizolia

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mimi mgongo tu. Wewe je, mzima?

Sasa nikuulize: hii ndiyo kazi niliyokufundisha? Spika za mwalimu ulizorudisha juzi nimezifunga, na zile twita, spika ndogo za sauti kali, zote mbili bubu! Besi inanguruma, lakini matoazi hayapo kabisa. Nilikupa kazi hii nione kama umejirekebisha tangu nikutoe karakanani mwaka jana. Kumbe wapi! Nitamwambia nini mwalimu?

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo, na hasira ninayo pia, sitakuficha.

Twita zile nilizifungua kwa mkono wangu. Mafuta ya ndani yalikuwa yameganda kama gundi. Nikayatoa kwa ncha ya karatasi, taratibu, kama ulivyonionyesha, nikatia mapya. Waya mmoja, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umekatika, nikauunga. Nilipozijaribu zililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Na usinikumbushe mwaka jana. Ulinitoa mbele ya wateja kwa spika ulizodai nimeziua, ukasema, "Huyu hana sikio la kazi hii." Neno hilo limenitangulia kila karakana niliyobisha hodi. Miaka tisa nimekaa kwenye kile kiti cha dirishani, Baba, nikashushwa kwa sentensi moja!

Mwite Miwani, fundi wa ng'ambo ya barabara, azisikilize. Akisema ni bubu, sishiki tena bisibisi.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku tu wazima.

Miwani amekuja, akainamisha kichwa, akasema zinalia vizuri mno. Nimemfukuza. Mmepanga njama, mnanifanya mtoto mdogo! Nanunua twita mpya, nizifunge mwenyewe, usikie kazi ya fundi.

Baba yako

2 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima, maana barua zangu mbili za mwezi uliopita hukuzijibu. Una haki.

Nilifunga zile twita mpya. Bubu. Nikafungua ile sauti kali mpaka mwisho. Mama yako akatoka jikoni mbio, mikono masikioni: "Unataka kututoboa vichwa?" Mimi nilisikia besi tu. Akaniuliza pia kwa nini kila siku naliacha birika lipige mluzi mpaka maji yakauke. Mluzi gani? Nikakaa chini.

Nikazitoa stoo zile spika za mwaka jana nilizokulaumia, nikamwomba Miwani radhi, akazisikiliza. Nzima zote. Nyani haoni kundule, mwanangu. Asiye na sikio ni mimi, na nimekuharibia jina. Naona haya hata kuandika.

Mikono yangu bado haitetemeki. Rudi, mimi nifungue, wewe usikilize.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole kwa masikio. Nimelia, kisha nimekasirika upya, kwa sababu mwaka mzima ungeweza kumuuliza mtu mmoja tu.

Twita mpya zitoe. Mrudishie mwalimu zake za zamani. Zile nilizifufua mimi.

Nitakuja Jumamosi saa nne asubuhi, karakana ikiwa imejaa. Wale wateja wa siku ile waite wote. Ulinitoa mbele yao, utanipokea mbele yao, na useme kwa sauti unayoweza kuisikia mwenyewe.

Binti yako