Mtama Una Msimu

Lagangabilili,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu Joakim,

Mwangaluka. Natumaini umeamka salama hapo Ngulyati, na kwamba miguu ya mama yetu, Mayu, imepata nafuu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa moyo, hapana, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hupaza sauti, mimi hunyamaza, kisha tunaagana kana kwamba tumeelewana.

Nianzie darasani. Wiki iliyopita niliwafundisha Kidato cha Pili kitenzi kimoja cha Kiingereza, thrash. Unanijua, sifundishi neno bila kulifukua mizizi. Niliwaeleza kwamba leo maana yake ni kumpiga mtu kipigo kikali, na watangazaji wa mpira hulitumia timu ikifungwa mabao mengi. Lakini zamani halikuwa neno la ugomvi hata kidogo. Lilikuwa neno la chakula: watu kukanyaga ngano kwa miguu, baadaye kuipiga kwa fimbo, punje ziachane na makapi. Ni kupura, kama tunavyopura mtama. Binadamu aligeuziwa kipigo hicho baadaye. Wanafunzi walifurahi, maana kila mmoja kwao ameshika fimbo hiyo.

Nikaomba mifano ya nyumbani. Mwanao Felisita akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza safi kwamba baba yake hupura mtama na humpura mama, ila mtama una msimu. Darasa lilicheka. Na mimi, kaka, sijui niliingiwa na nini, nikamwambia sentensi yake ni sahihi, akae chini.

Tangu hapo sina usingizi. Nilimpigia wifi Monika, akasema ni mambo ya ndani tu, nisihangaike. Ijumaa akashuka hapa kwa bodaboda, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga, umevimba hata bangili haitoki.

Jana uliponiuliza kwenye simu kama amefika, nilikujibu sijamwona. Nilikudanganya. Alikuwa ameketi mbele yangu, ameziba mdomo kwa kiganja. Ukasema basi lazima yuko kwao Mkula, na kwamba kesho Jumatatu unakwenda na wazee kuwadai wazazi wake ng'ombe wa mahari. Tangu jana kila pikipiki ikipita nje nashtuka. Nawaza wale wakwe zako wakidaiwa na kuaibishwa mbele ya majirani, na wao hawajui hata kama binti yao ameumia. Ndiyo maana nimemwomba Baba Mdogo Sylvester akuletee barua hii leo hii.

Usiende Mkula. Ng'ombe wale walitolewa na wakwe zangu, kwa ajili yangu mimi, na hawakukaa zizini kwetu kabla ya kupelekwa Mkula ili wewe umwoe Monika. Mayu mwenyewe aliniambia siku ile kwamba mke huyu nimemleta mimi. Basi mke niliyemleta yuko kwangu. Ukitaka ng'ombe, wewe na wazee njooni mnidai mimi.

Lipo jingine. Tumekwenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Mfupa umevunjika, hospitali wamemfunga hogo. Askari aliniuliza mtuhumiwa ni nani yangu. Nilimjibu ni kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Hilo la mto hakuliandika.

Watakuita. Nenda mwenyewe kaka, nakuomba, usisubiri wakufuate mbele ya Mayu. Nakupenda, na siku hizi nakuogopa, na sikujua kama mtu anaweza kubeba yote mawili kwa pamoja.

Nisalimie Mayu, mwambie nitakuja kumweleza kwa mdomo wangu. Monika nimemsomea barua yote. Hakusema neno juu yako, ila anakumbusha yule ndama mwenye macho mabovu apakwe dawa asubuhi na jioni.

Felisita nilimpa kalamu aongeze salamu zake hapa chini. Aliishika kitambo, akanirudishia. Nafasi yake nimeiacha wazi.



Mdogo wako,
Apolonia