Usilifunge Duka la Dada Yako

Nyumbani kwenu,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Unakula umekaa, au unakula umesimama kama mlinzi? Mimi sijambo. Magoti yananisema kila asubuhi, nami nayajibu, tunaendelea. Dada yako hajambo ya kulala. Daktari amesema ili mimba ikae, naye alale. Basi yuko chumba cha mbele, amegeukia ukuta.

Barua hii naiandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Ningepiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Karatasi haikatizwi.

Ujumbe wako dada yako alinisomea. Eti mwisho wa mwezi unalifunga duka la magemu la mtandaoni, na mali iliyobaki achukue yule mwenye duka kubwa la mjini. Umesema kwa upole, nimesikia. Upole haukupi haki. Duka ulilifungua wewe, na neno la siri la kuliingilia unalo wewe, lakini aliyelilea ni dada yako. Tangu uondoke hujafunga hata mzigo mmoja.

Tangu siku ya ujumbe huo situlii, sikai. Nafagia palipokwisha fagiliwa. Naiweka simu, naichukua tena, labda imelia nami sikusikia. Maboksi ya gemu nayapanga kitandani kwangu, nayapangua, nayapanga. Roho iko juu juu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana uliyoyasoma kwenye ukurasa wa duka ni ya upande mmoja.

Dada yako alipoamriwa kulala, mimi ndiye niliyeshika kazi ya kufunga mizigo na kujibu wateja. Alikataa, nikamwambia nimeuza vitu sokoni kabla mama yake hajaota meno. Kisomo changu unakijua, kwa hiyo nilifunga kwa picha. Mteja akitaka gemu ya mpira, natafuta boksi lenye yule mchezaji aliyepanua mikono. Na kujibu nilijibu kwa sauti, nabonyeza pale nasema, kama mtu na mtu. Wengi walipenda. Mmoja nilimuuliza kama mama yake anajua kuwa ananunua gemu wiki ya mtihani, akafuta oda. Dada yako alishika kichwa. Mimi nikasema huyo atafaulu.

Akaja mtu mwenye sauti nzito, tukampa jina Besi. Alitaka hiyo gemu ya mpira. Nikamfungia, nikamkabidhi mtu wa pikipiki, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana. Besi akalalamika kuwa diski haisomi. Nikatazama picha aliyotuma: mchezaji yuleyule, mikono ileile. Nikajua kosa liko kwake. Nikamrekodia, nikamwambia apanguse mashine yake, anawe mikono, na tena mwanaume mwenye sauti kama hiyo, saa za kazi anatafuta nini kwenye gemu?

Kumbe mashine ziko za aina mbili, na mchezaji yule amebandikwa kwenye maboksi ya zote mbili. Tofauti ni utepe wa juu tu, mmoja bluu, mwingine kijani. Besi alitaka bluu, nikampa kijani. Watu wenye akili hawauzi vitu viwili kwa sura moja, lakini ndivyo walivyoamua.

Besi akatupa nyota moja na maneno chini yake: nimeletewa gemu isiyo yangu, kisha nikatukanwa na bibi kizee. Wenye lile soko la mtandaoni wakatushusha mpaka mtu akitafuta gemu haoni duka letu. Simu ikanyamaza kama imefiwa. Hapo ndipo dada yako alipougeukia ukuta, nawe ukaandika habari za kufunga.

Hukuuliza kwa nini analing'ang'ania. Ile kazi ya kiwandani, ya kusimama kutwa, ndiyo iliyompotezea mimba ya kwanza. Kwenye duka hili anaweza kufanya kazi amelala, na kesho akafanya huku ananyonyesha. Ukilifunga, unamrudisha kusimama.

Ijumaa nikavaa viatu vyangu vizuri, nikachukua boksi lenye utepe wa bluu, nikamwambia Breki leo anabeba mzigo na bibi. Akasema nitaanguka. Nikamwambia aendeshe kama amebeba mayai.

Mjukuu wangu, Besi ni kinyozi. Ile mashine ameiweka saluni ili wanaosubiri zamu wasiondoke. Gemu ilipokosekana, walivuka barabara wakanyolewe kwa mwenzake. Yaani gemu ndiyo kazi yenyewe. Nilipobisha hodi, saluni nzima iligeuka.

"Ndiye huyu," akasema mmoja, povu limemjaa kidevuni. "Sauti ndiyo hiyo."

Kumbe alikuwa akiwawekea wateja maneno yangu wacheke wakisubiri. Nilihisi joto mpaka masikioni. Besi akazima mashine ya kunyolea.

"Bibi, umekuja kunigombeza ana kwa ana?"

"Nimekuletea mzigo wako. Na mashine yako kweli ina vumbi, naliona hapa."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema anataka neno moja tu, nami nikajua ni lipi. Neno hilo babu yako alilidai mpaka anaingia kaburini na hakulipata. Nikamfikiria dada yako.

"Samahani, baba," nikasema. "Nilikosea boksi, na adabu nikaikosa."

Akatia diski, ikasoma. Habari ya nyota hakuitaja. Akanikaribisha kiti, nikakataa, nikarudi nyumbani kusumbuana na ufagio.

Jumapili nyota zikawa nne. Kaandika kwamba mzigo umefika, bibi kauleta mwenyewe, na nyota ya tano kainyima kwa sababu ya mdomo. Dada yako alicheka hadi nikamkataza, mimba hiyo. Bado tuko chini sokoni, lakini oda zimeanza kudondoka. Mmoja hataki kujibiwa kwa maandishi, anataka bibi amseme. Sasa dada yako anasoma, mimi nafunga.

Kwa hiyo usilifunge. Kama umelichoka, mpe dada yako neno la siri, jina lake likae palipo na lako, nawe upumzike. Sikuombi. Kuomba kwangu kwa mwaka huu nimekumalizia kwa kinyozi.

Shemeji yako anakusalimu kutoka safarini na lori lake. Mama yako mdogo, fundi cherehani, anasema shati lako limemaliza kushonwa na sasa linazeeka. Breki naye anakusalimu.

Mungu akulinde na baridi, akuponye kifua, na akulainishe moyo kabla mwezi haujaisha.

Wako akupendaye na asiyekuogopa,

Bibi yako.