Picha Kwanza, Kilio Baadaye

Mdogo wangu mkaidi,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukisoma barua umesimama jikoni unaruka mistari. Hujambo? Na kile kichwa? Usiniandikie tena kwamba ni jua tu.

Mimi nipo hospitali, kitanda cha dirishani. Mshipa mmoja ndani ya ubongo wangu umetuna kama puto, na daktari anataka kuuwekea kibomba cha wavu, damu ipite humo isilisukume puto. Ila kwanza zile picha za kichwa changu alipewa mjukuu wetu, yule injinia. Tulidhani atajenga madaraja, kumbe anajenga mishipa ya watu ndani ya kompyuta, halafu anapitisha damu ya hesabu aone inavyokwenda.

Nikalazimisha nionyeshwe. Kichwa changu, nisikione? Damu ilitiririka vizuri, ilipofika kwenye puto ikazunguka kama maji ya sinki. Ukuta wa puto ulikuwa mwekundu, kwingine kote buluu. Nikapiga makofi, nikasema afadhali, kumbe damu bado ninayo! Hakuna aliyecheka. Mjukuu akaniambia taratibu kwamba, Bibi, pale pekundu ndipo ukuta unapozidiwa. Akajaribu kibomba kifupi, wekundu ukabaki. Akajaribu kirefu, damu ikatulia. Daktari akasema basi, ni kirefu, kesho asubuhi. Nilimuuliza kama kompyuta inaweza kuapa. Akajibu haiapi, inakisia tu, lakini bila hiyo yeye angeweka kifupi.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Mjukuu aliuliza kama kwetu yupo mwingine aliyewahi kuugua kichwa. Nikamweleza mama alivyoshika kisogo akaangukia beseni la nguo asiinuke tena, nasi tukamnunia yule jirani mshonaji miaka yote, eti alimtilia kitu kwenye chai. Mjukuu akaachia kipanya. Akasema huenda lilikuwa puto hili hili, na ndugu wa tumbo moja lazima wapimwe. Hapo nikakuona akilini wewe, mkono kisogoni.

Nimeshakuandikisha upigwe picha ya kichwa hapa hapa. Mwanao atakuja na gari kesho kutwa. Ukijifungia chumbani, nimempa ruhusa avunje kitasa. Shemeji mwambie asithubutu kukutetea.

Wala usije kunitazama mimi. Ukinikuta nahema, tutagombana baadaye. Ukinikuta nimefunikwa shuka, nipite, nenda chumba cha picha. Picha kwanza, kilio baadaye.

Ni mimi dada yako, ambaye hujapata kumshinda hata siku moja.