Bia ya Ngano ya Kaka Aloisi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu za jasho kutoka Kariakoo.

Tangu kaka Aloisi arudi kutoka masomoni Ubelgiji, mbege yako ya ndizi si pombe tena kwake. Watu wamepanga foleni ya unga wa ngano hadi kona, yeye ngano anaipikia bia ya Kibelgiji! Kaichanganya na kimea cha shayiri, akawa anaipima joto kama mgonjwa, kisha akatia giligilani na maganda ya machungwa. Jirani akapiga hodi: "Leo mchuzi gani?"

Jana ikawa tayari. Akanijazia glasi, akasimama kunitazama. Hakuonja kwanza, mama! Mwanao huyo, anampa mtu pombe bila kutangulia kuonja, kama aliyetia sumu! Nikaiweka chini.

"Acha ushamba, dada."

"Basi onja wewe, msomi."

Akaonja. Akaisukuma glasi kando, akauliza taratibu, "Mama bado anapika mbege?"

Tunakuja wote Krismasi. Otesha ulezi wa mbege. Chupa ya bia yake nakuletea, umwagie migomba. Mungu akutunze wewe, nayo migomba ainusuru.

Mwanao,
Yustina