Redio ya Mama Anjela

Mpanda, Alhamisi, Novemba 1999

Nilisema vile ili tu nisionekane mjinga. "Mama, labda uliweka disketi karibu na redio. Sumaku ya spika inaharibu."

Mama Anjela wa kikundi cha asali alikuwa amerudi kwa treni kutoka Tabora, alikopeleka disketi yenye ukurasa niliowatengenezea ili uwekwe mtandaoni, maana huku hatuna intaneti. Akanikuta ofisini kwangu, mtaa wa Shanwe, akasema ukurasa wao umefunguka lakini picha zote ni visanduku vyeupe, hauonekani hata mzinga mmoja.

Akaniachia disketi, akaondoka kichwa chini. Nikawasha kompyuta, wala sikutafuta sana. Picha nilizielekeza kwenye kompyuta yangu hii hii! Hapa zinaonekana, kwingine kokote hazipo. Kosa la mtu anayeanza.

Nimerekebisha. Nilitaka kumwambia, kweli nilitaka. Alipofuata disketi jioni akaanza yeye: "Nisamehe mwanangu, nimewatia hasara wenzangu."

Nikajibu, "Usijali, mama."

Usijali! Mdomo huu...

Kesho anapanda treni tena. Disketi ameifunga kwenye kanga yake safi. Redio, ambayo ndiyo humchangamsha njia nzima, amemwachia jirani.