Matone Chini ya Ulimi

Oudekreke, Zeeland
Jumatatu baada ya Meza ya Bwana

Kwa Mchungaji Jozias Hoogesteger, mdogo wangu nikupendaye,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili kazi yako, na kwa upendo uliokuwepo kabla kazi hiyo haijakupata. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji yangu Maatje, na kwamba kikohozi chake kimepungua kwa kuwa baridi nayo imelegea. Mimi, namshukuru Mungu, ni mzima kwa kadiri ya umri wangu, na kwa kadiri utakayoisoma hapa chini. Vitunguu vimekwisha kupandwa katika shamba letu la zamani nyuma ya tuta la bahari. Kijana aliyelinunua analima vizuri, ingawa mistari yake imepinda kidogo.

Naomba radhi ya dhati kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilifika mwanzoni mwa juma la kujiandaa kwa Meza ya Bwana, na sikuiweka kando kwa dharau. Kila nilipoketi kukujibu niliona kwamba naandika kwa hasira, na sisi tuliosomeshwa katika shule ya kanisa, chini ya mwalimu aliyetupiga rula vidoleni kwa herufi moja iliyopinda, hatukuzoeshwa kuandika namna hiyo. Sasa hasira imepoa. Kilichobaki ni msimamo, nao uniwie radhi mapema, kwa sababu hautakupendeza.

Uliniomba mambo mawili: niache yale mafuta, na nisisogee Mezani mpaka Baraza la Wazee liridhike. Ukanikumbusha, kwa upole wako wa siku zote, kwamba usharika wetu hauna mchungaji na wewe ndiwe mlezi wetu; hivyo jambo hili likiendelea, itakulazimu wewe mwenyewe kupanda mimbari ya Oudekreke na kulitangaza jina langu mbele ya watu kuwa nimetengwa. Uliandika kwamba hilo litakuvunja moyo. Naamini. Lakini uliyaandika hayo kwa kusikia upande mmoja. Uliambiwa na Mzee Krijn kwamba siku wazee waliponitembelea nyumbani walinikuta nimeduwaa kwa ulevi, hata sala ikanishinda. Niruhusu nikueleze yaliyotokea.

Kwanza, ugonjwa wenyewe, ambao sikuwahi kukusimulia kwa kirefu kwa sababu mwanamume wa kwetu akiulizwa hali hujibu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Tangu Jacomina wangu alipofariki, mwili wangu wote ukawa kama umepigwa. Mabega, mapaja, nyayo, hata ngozi ya mikono ilipoguswa na shuka. Nilikuwa nikilala nimechoka, nikiamka nimechoka zaidi, maana huo haukuwa usingizi bali kujigeuza tu hadi kupambazuke. Daktari wetu, Bi Bouwina, alinipima damu, akanipiga picha za eksirei, akanipeleka kwa wenzake wa hospitali, na mwishowe wakaupa ugonjwa huo jina la fibromialjia. Hauonekani katika picha wala katika damu. Nilipewa vidonge vya namna nyingi. Vingine vilinichafua tumbo, vingine vilinifanya niegemee ukuta kama bibi harusi mwenye haya. Ndipo Bi Bouwina, baada ya kuniomba ruhusa ya kulitaja jina lenyewe, akaniandikia mafuta ya bangi, ya kutoka duka la dawa, katika chupa ndogo yenye jina langu na maelezo ya matumizi.

Sikukubali siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikaomba juu ya jambo hilo kama nilivyoomba juu ya kuuza shamba. Kisha nikaanza. Utumiaji wake ni huu: unadondosha matone machache chini ya ulimi, unayashika hapo bila kumeza wala kusema mpaka yaingie mwilini. Ni machungu kama majani mabichi. Sitakudanganya, Jozias, mafuta haya hayajaniponya. Maumivu yapo, asubuhi nyingine yako palepale, na mdomo hunikauka, na gari siendeshi tena. Lakini maumivu yameshuka sauti. Na ninalala. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka na kutaka kunywa kahawa.

Sasa, ule ugeni. Unajua kwamba kabla ya Meza wazee hupita nyumba kwa nyumba wawili wawili, kumwuliza kila mshiriki kama kuna jambo linalosimama kati yake na Bwana. Safari hii walikuja Mzee Krijn na Mzee Dingeman, nao walikuja mapema kuliko walivyosema, kwa kuwa jirani waliyekusudia kuanza naye hakuwepo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeyaweka matone chini ya ulimi. Nikawafungulia mlango nimefumba kinywa, nikawaonyesha viti kwa mkono. Mzee Dingeman akaniomba nifungue kwa sala. Nikatikisa kichwa. Ndugu yangu, hebu fikiri: mshiriki wa kanisa letu, katika ugeni wa wazee, anatikisa kichwa kukataa kuomba! Wakatazamana. Mzee Krijn akaomba yeye, kwa urefu, kisha akanitazama machoni akaniuliza lile swali. Nami nikanyamaza.

Hapo ndipo kosa lote lilipozaliwa, kwa maana unajua vizuri kuliko mimi kwamba kwetu anayenyamaza mbele ya swali lile amekwisha kujibu.

Nilipoweza kumeza niliwaomba radhi na kuwaeleza kwamba nilikuwa na dawa mdomoni. Ningeishia hapo wangekunywa kahawa yao, wakala mkate wa mdalasini, wakaenda zao. Lakini Mzee Krijn aliniuliza ni dawa gani, nami sikuona sababu ya kuficha kitu kilichoandikwa na daktari. Nikasema, ni bangi. Mzee Dingeman akaacha kukoroga kahawa.

"Ba... nini?"

Nikarudia.

"Ile ya vijana wa mjini, Marinus? Wewe? Na mvi zote hizo?"

Nikamjibu kwamba ni mmea uleule, ila wangu hauji na muziki. Hakucheka. Akaniuliza kama huwa naona vitu. Nikasema nawaona yeye na Mzee Krijn, na kwa leo wananitosha. Nakiri kwamba jibu hilo halikuwa la adabu, na jioni ile nilimpigia simu kumwomba radhi. Aliipokea radhi. Hakuipokea bangi.

Baraza liliniita. Nilikwenda nimevaa suti ya mazishi, maana nyingine imenipwaya. Walisema kwamba ninatumia kileo, na kwamba nikiri dhambi ya ulevi na kuacha, au nikae mbali na Meza. Niliwajibu kwa utaratibu kwamba ningekuwa mlevi ningekiri ulevi, lakini siwezi kukiri jambo nisilolifanya ili tu kikao kiishe mapema. Nikawakumbusha kwamba Jacomina alipokuwa katika siku zake za mwisho alichomwa sindano za mofini, na kwamba Mzee Krijn mwenyewe, kando ya kitanda chake, alimshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya dawa ile. Nikauliza kama walijua inatokana na nini. Inatokana na ua la afyuni. Nikauliza ni lini kanisa letu liliukubali mmea mmoja na kuukana mwingine, kwani mimi nisingependa kukosa mkutano kama huo. Mzee Krijn akasema, "Mkeo alikuwa anakufa, Marinus. Wewe hufi." Nikamwambia kwamba hilo ndilo tatizo langu hasa, yeye alipewa nafuu kwa sababu anaondoka, mimi ninanyimwa kwa sababu nabaki.

Wakapiga kura, wakaamua nikae mbali na Meza.

Hata hivyo, Jozias, usidhani sikujaribu kutii. Barua yako ilipofika, na kwa sababu ilitoka kwako, niliiweka ile chupa ndani ya kabati na kuacha. Nilidhani labda nimekuwa na kiburi. Siku za kwanza zilipita. Kisha usingizi ukaondoka, na maumivu yakarudi na jamaa zake wote. Ijumaa nilishindwa kuvaa soksi. Jirani yangu Tannetje, yule mjane wa mwoka mikate, alikuja kuniletea supu akanikuta nimekaa kwenye ngazi nimevaa koti la mvua, mguu mmoja mtupu, siwezi kupanda wala kushuka. Aliniuliza nimekaa hapo tangu lini. Nikamjibu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Alikwenda moja kwa moja kabatini.

"Fungua mdomo."

Nikaanza kumweleza kuhusu Baraza.

"Fungua mdomo, Marinus! Usinitolee macho, mimi siyo mzee wa kanisa. Wao walikuvalisha soksi leo?"

Nikafungua. Na nilipokaa pale kwenye ngazi, kinywa kimefumbwa, nikamwomba Mungu anionyeshe kama ninamkosea. Sikusikia shutuma yoyote. Jumamosi nililala. Jumapili nikanyoa ndevu.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo hulijui, na ambalo nataka ulisikie kwangu kabla wazee hawajafika kwako Jumatano kama walivyopanga. Jana nilikwenda Mezani.

Mchungaji mgeni, aliyetoka mbali na asiyejua habari zetu, aliita watu wasogee. Meza ilikuwa imetandikwa mbele kama kawaida, ndefu, kitambaa cheupe kimenyooshwa hadi sakafuni. Niliinuka kutoka benchi letu, nikatembea, nikaketi. Nilisikia viatu vya watu vikisita nyuma yangu. Kiti cha kulia kwangu hakikukaliwa na mtu. Kushoto aliketi Tannetje, kwa kishindo, kama anayekaa kwenye treni. Sahani ya mkate ikaanza kupita mkono kwa mkono, kama inavyopita kwetu tangu kwa babu zetu, hata ikamfikia Adriaan wa duka la mbegu, aliyeketi ng'ambo ya kile kiti kitupu. Adriaan akamtazama Mzee Krijn. Kisha akaiweka sahani juu ya kitambaa, mbele ya kiti ambacho hakuna mtu, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Mchungaji mgeni akasubiri, akidhani ni desturi yetu.

Mimi nikainuka. Nikasogea nikaketi katika kile kiti kitupu. Nikachukua mkate kwa mkono wangu mwenyewe, nikala. Kisha nikaipitisha sahani kwa Tannetje, ambaye ilimbidi anyooshe mkono wote kuifikia, akaipokea kwa sauti ya "Asante, ndugu" iliyosikika hadi kwenye kinanda. Kikombe kilipokuja, Adriaan alikishika muda mrefu, macho yake chini. Halafu akanipa mkononi. Sikumtazama, ili uso wangu usije ukamsuta.

Baadaye, katika chumba cha wazee, Mzee Dingeman aliniambia kwamba nimeiba Mezani. Nikamwuliza kwa heshima ni nani aliyeiandaa meza ile, yeye au Bwana, nikachukua kofia yangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ombi lako la kwanza nalikataa, na la pili nimekwisha kulivunja. Samahani kwa huzuni ninayokuletea. Samahani kwa jambo lenyewe siiombi. Najua watakutaka upande mimbari. Sitabaki nyumbani siku hiyo ili kukurahisishia. Nitakuwa katika benchi lile ulilokuwa ukisinzia ulipokuwa mtoto, upande wa ndani, na utaniona vizuri. Ukilisoma jina langu lisome lote, Marinus Cornelis Hoogesteger, usiseme "ndugu mmoja wa kwetu". Na usitamke neno ulevi, kwa kuwa wewe hujawahi kuniona nimelewa, na mimi wewe nimekuona, siku ya harusi ya dada yetu. Sema tu kwamba mzee huyu ana maumivu, daktari wake amempa dawa ya bangi, akaitumia akapata usingizi, na kwa ajili hiyo anafukuzwa Mezani. Hayo ni maneno ya kweli yote. Yaseme nyumbani kwako kwanza, kwa sauti, mbele ya Maatje. Yakikutoka kinywani bila kukukwama, basi njoo uyasome.

Na yakikukwama, njoo vilevile. Kiti cha kando yangu mara nyingi ni kitupu siku hizi.

Msalimie sana shemeji, wasalimie watoto na wajukuu, na mama mkwe wako kama bado anawakumbuka watu. Tannetje naye anakusalimu, ingawa salamu zake zilikuwa na maneno mengine ambayo sikuyaandika. Mungu akulinde, aulinde na usingizi wako.

Ni mimi kaka yako, nikuheshimuye na nisiyekutii,

Marinus C. Hoogesteger

Barua hii sikuipeleka posta, isije ikapitwa na wazee njiani. Itachukuliwa na Izak Verhage, fundi wa vinanda, ambaye kesho asubuhi anakuja kwenu kutengeneza kinanda cha kanisa lako. Nimemwomba asiguse kinanda hicho mpaka akuone umeifungua, nawe unajua Izak alivyo mkaidi kuliko hata mimi.