Madesu ya Mama Godelieve

Tenke, 25 Februari 2024

Tata Kalenga, mwanangu mwenye jina la baba yangu,

Nakusalimu wewe na mke wako Tatiana. Mko wazima huko Kolwezi? Kwangu goti ndilo linalosumbua, mengine Mungu anayabeba. Sikupigi simu kwa sababu simu ni ya jirani Jémima, na ukiongea humo uwanja mzima unajibu.

Zéphirin wa lori amenieleza jambo lililoniumiza. Ile ndoo ya madesu, maharagwe yangu niliyopika mwenyewe, akakuletea ingali moto, alikuta jirani zako wanaila. Wewe ulikaa pembeni na ugali wako wa bukari na samaki mkavu. Nimekukosea nini? Kama ni wachungaji wa huko, wanaosema kila ugonjwa una mama mzee nyuma yake, niambie usoni.

Unajua ninaishi kwa meza yangu ya madesu kando ya stesheni. Jana mteja alirudisha sahani, akasema mbele ya watu: "Mutoto wake mwenyewe hakulake madesu yake. Siye tukule?" Neno la uchawi lililobaki hakulisema, lakini wote tulilisikia. Mulozi.

Mama yako,
Godelieve

Kolwezi, 2 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Pole na goti. Tatiana ni mzima, mimi ni mzima nusu, na ile nusu nyingine ndiyo barua hii.

Nisamehe. Hakuna mchungaji hapa, ni aibu tu. Tangu mwaka jana tumbo linavimba, linanguruma ofisini mbele ya wakubwa, nakimbilia choo mara sita kabla ya adhuhuri. Mwanaume wa miaka thelathini na nne atamwandikiaje mama yake hayo? Daktari alitafuta minyoo, amiba, vidonda, hakuona kitu. Alisema ni utumbo unaokasirika upesi. Akanituma kwa Mama Agnès, mtu wa lishe, naye akanipa karatasi iliyoandikwa FODMAP. Ni vyakula vinavyochacha ndani ya utumbo na kuujaza hewa: vitunguu, vitunguu saumu, madesu, mkate, maziwa, maembe. Niviache wiki sita, kisha nirudishe kimoja kimoja nione kipi kinanipiga. Bukari, wali, samaki, mboga ya lengalenga na karanga nakula. Hata majani ya kitunguu ruhusa, ila kile kichwa cheupe, hapana.

Wiki mbili zimepita na sasa nakaa mkutanoni mpaka mwisho. Waeleze watu, Mama.

Mwanao,
Kalenga

Tenke, 6 Machi 2024

Tata,

Natumaini tumbo limetulia. Goti liko vilevile.

Nimewaeleza akina mama wa kwaya. Wamecheka. Mama Ngoyi akanishika mkono: "Kitunguu inaweza kumupiga mutu muzima? Mutoto wako iko na adabu, anakuficha tu." Jumatatu nilipika sufuria nzima, nikala peke yangu, yaliyobaki nikawamwagia kuku.

Karatasi ya daktari haisomwi sokoni. Kwetu neno kama hili linafutwa na mdomo unaotafuna. Njoo Jumapili ya Matawi, baada ya misa, ukae mezani pangu ule mbele ya watu. Sahani moja tu. Baba yako angekuwa hai, nisingekuomba.

Mama yako,
Godelieve

Kolwezi, 15 Machi 2024

Mama,

Salamu. Nimemuuliza Mama Agnès. Amesema nisithubutu, sahani moja itaharibu wiki zote hizi na nitaanza upya. Nimemsikia vizuri.

Nitakuja.

Mwanao,
Kalenga

Tenke, 27 Machi 2024

Mwanangu Kalenga,

Umefika salama? Usinijibu "mzima". Nataka jibu la kweli.

Jumapili ulikula sahani mbili mbele ya stesheni nzima, ukanyoosha ile sahani ukasema kwa sauti: "Mama, ongeza!" Hata Mama Ngoyi alinunua. Kabla ya saa nane sufuria ilikuwa tupu, nami kichwa kilikuwa juu. Kisha nikakukuta nyuma ya nyumba, umejikunja, jasho linatiririka, umeuma kola ya shati ili nisisikie. Uliniambia ni jua. Tata, mimi ndiye niliyekuzaa. Najua uso wako ukidanganya.

Uliniandikia kila kitu na bado nikakuita. Nilijali jina langu kuliko tumbo lako. Hilo linaniuma, na siwezi kuliweka juu ya Mama Ngoyi.

Jana nilisimama mezani nikasema: mtoto wangu ana ugonjwa wa utumbo, madesu yangu yanampiga, aliyala kwa ajili yangu, na sitampa tena. Anayetaka kuniita mulozi aniite nikiwa hapa. Watu wawili waliacha sahani wakaondoka. Sikuwaita. Mzee Tshimanga wa reli alibaki, akaninong'oneza nimwandikie majina ya vyakula vile.

Zéphirin anakuletea kifurushi. Kuna samaki mkavu, karanga, na majani ya kitunguu. Nimeyakata mwenyewe, nikakagua moja moja, kwa hiyo mpe Tatiana apike bila hofu. Vichwa vyeupe nimevila mimi.

Mama yako,
Godelieve